Magurudumu ya Toroli kwenye Boti ya Baba

Boti ya baba haikuwa nzito. Nalisema mapema kwa sababu wengi waliniuliza kwa nini tulihangaika na magurudumu kwa kitu kilichojaa upepo tu. Ikikunjwa iliingia kwenye mfuko wa turubai na kukaa nyuma ya bajaji, makasia pembeni. Ikijazwa ilikuwa ndefu kuliko kitanda, mpira wa kijivu pande zote, na nyuma ubao imara wa kufungia injini ambayo hatukuwahi kuwa nayo. Watu wawili wenye afya waliibeba huku wakipiga soga. Lakini baba alikuwa mmoja, na pumzi yake ilikuwa nusu.

Baba ni seremala wa siku nyingi hapa Bombambili, Songea. Vumbi la mbao lilimwingia kifuani kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, mpaka siku moja akashindwa kumaliza kusukuma randa upande mmoja wa mlango. Daktari alimwambia atembee, avue samaki akipenda, ila asinyanyue mizigo. Mapafu yake, alisema, sasa yanataka kubembelezwa.

Baba alirudi nyumbani akatutangazia, "Nimeambiwa nibembeleze mapafu. Mimi ambaye hata mke sikumbembeleza."

"Nimesikia hilo," mama akajibu kutoka jikoni.

Boti aliachiwa na mhandisi wa barabara aliyepanga jirani yetu, siku alipohamishiwa mkoa mwingine. Baba alimtengenezea kabati, wakazoeana. Tangu hapo, kila Jumamosi, baba na rafiki yake walikwenda kuvua perege kwenye bwawa moja nje ya mji. Rafiki huyo ni Mhehe, dereva mstaafu wa malori, na kwa kuwa sisi ni Wangoni, ni mtani wake. Asiyejua utani wetu anaweza kudhani wazee hawa wanachukiana. Mtani anaruhusiwa kukutukana mbele ya watu, kukucheka msibani, hata kuchukua kitu chako akaondoka nacho, na wewe huruhusiwi kukasirika.

"Wangoni na maji wapi na wapi?" alikuwa akimwambia baba. "Babu zenu walitembea kwa miguu kutoka huko kusini, wakavuka mito yote hiyo, hakuna hata mmoja aliyewaza kuchonga mtumbwi."

"Na nyinyi mlikuwa mlimani mnatuchungulia," baba alimjibu. "Mpaka leo mnachungulia."

Wasiwasi ulikuwa kwenye mteremko. Bajaji inaishia juu, na kutoka hapo mpaka majini ni njia ya miguu yenye kokoto. Masika maji huja karibu. Kiangazi hurudi nyuma na kuacha mkanda mpana wa tope. Kushuka hakukuwa kazi. Kazi ilikuwa kupanda, mkiwa mmechoka, boti imelowa. Mtani naye ana kiuno kilichoharibiwa na miaka ya usukani, kwa hiyo wazee hawa walizoea kuwaomba vijana wanaokata majani ya ng'ombe wawapandishie. Baba alikuwa akiwashukuru vizuri. Ila njia nzima ya kurudi mjini alitazama mikono yake.

Mimi ni mwalimu wa sayansi wa shule ya msingi, na nikiona kitu kimekwama mikono huniwasha. Kwenye simu niliona picha za boti kama ile zikiwa na magurudumu mawili nyuma, mtu ameshika pua ya boti anaivuta kama mkokoteni. Magurudumu ya dukani hayakuwa ya mfuko wetu. Nikachukua mawili ya baiskeli ya mtoto, fundi wa kuchomelea akayatengenezea miguu ya chuma, tukayafunga kwenye ubao wa nyuma. Nikayajaza upepo kama tunavyojaza hapa kwetu, mpaka tairi likigongwa kwa ukucha linalia. Songea baiskeli hubeba magunia, ndizi, hata vitanda. Tairi laini kwetu ni ugonjwa.

Siku ile kushuka kulikuwa raha. Wakati wa kurudi magurudumu yalizama kwenye tope kama visu kwenye mkate. Baba, kabla sijamfikia, akainama akanyanyua boti kwa nguvu zake zote.

Sitaeleza sana kilichofuata. Alikaa kwenye tope, mdomo wazi, mabega yakipanda na kushuka, na hewa haikuingia. Mtani wake alipiga magoti nyuma yake akamshikilia mgongo mpaka pumzi ikaanza kurudi. Vijana wa majani walipandisha boti. Walitaka kumpandisha na baba, akakataa kwa mkono.

Juu, alipopata sauti, alisema mbele yetu sote, "Jumamosi ijayo nitaishusha na nitaipandisha mwenyewe. Nikishindwa, mtani, ichukue. Sitaki kuiona tena nyumbani kwangu."

"Nitakuja nimejiandaa kubeba," mtani akasema. Lakini alikuwa akiniangalia mimi, na macho yake yalikuwa na hofu.

Nilielewa kwamba hapakuwa na mchezo. Baba akiacha bwawa atabaki kitini uani, na wote tumeona wazee wanavyokwisha upesi wakishakaa kitini.

Basi nilianza upya, na hapa naomba univumilie nieleze, kwa sababu mtu yeyote anaweza kulifanya jambo hili. Tope halijali mzigo ni mzito kiasi gani. Linajali mzigo umekanyaga sehemu pana kiasi gani. Ndiyo maana bata hutembea pale kuku anapozama. Gurudumu jembamba na gumu linagusa ardhi kwa sehemu ndogo kama kisigino cha kiatu cha harusi. Tulihitaji gurudumu nene, tena lenye upepo mchache, ili tumbo la tairi lilale chini na kutawanya uzito. Nani ana magurudumu manene ya bei rahisi? Kila anayejenga nyumba. Nilipata toroli mbili zilizotoboka bakuli, zimetupwa nyuma ya kiwanda cha matofali, magurudumu yake bado mazima.

Fundi wa kuchomelea alicheka aliponiona tena. "Madamu, wiki iliyopita baiskeli, leo toroli. Wiki ijayo utaniletea trekta?"

"Ukinichomea vizuri leo, wiki ijayo sitakuja kabisa."

"Basi nikuchomee vibaya kidogo," akasema akishusha miwani yake myeusi.

Alikata chuma cha mraba kutoka kitanda kilichovunjika akatengeneza miguu miwili, kila mmoja unazunguka kwenye bolti yake juu na kufungwa kwa pini. Ukifika majini unachomoa pini, unakunja mguu juu, gurudumu linaning'inia nje ya maji. Usipolikunja linaburuta majini, na utapiga kasia kama mtu anayevuta ng'ombe asiyetaka kwenda.

Kutoboa ubao wa boti baba hakuruhusu mtu mwingine. Alitoa keekee yake ya mkono, ile ya kuzungusha, akatoboa tundu moja, akapumzika, akatoboa la pili. Ubao ule umetengenezwa kwa tabaka nyembamba zilizogundishwa, na ukiutoboa unaacha kidonda kinachokunywa maji mpaka tabaka ziachane. Baba aliyeyusha nta aliyoletewa mama na binamu yake anayefuga nyuki upande wa Nakapanya, akaimimina ndani ya matundu, akapaka na bolti. Kila upande aliweka kipande cha mninga ili nati zisiutafune ubao wakati wa kukaza. Uani kulinukia asali. Nilishika taa ya simu nikitazama vidole vyake vikilainisha nta kuzunguka tundu, taratibu, na nilisahau kabisa kwamba mtu huyu anaumwa.

Tulipomaliza tulijaza boti upepo tukaiweka juu ya magurudumu. Baba alishika kamba ya mbele akavuta kidogo tu, kama mtu anayejaribu mlango kuona kama umefungwa.

Boti ikaja.

Haikutoa hata sauti. Ilipita juu ya mizizi ya mparachichi, juu ya kipande cha tofali, tairi likabonyea, likapanda, likashuka, likarudi umbo lake. Kwa miaka mingi nimefundisha watoto habari za gurudumu. Nimelichora ubaoni, nimewauliza maswali, nimewapa vema na kosa. Siku ile nilisimama uani kwetu na mwiko wa nta mkononi na nikaona kwamba sikuwahi kulistaajabia hata mara moja. Kitu kilichowatoa jasho wazee wawili kilikuwa kikimfuata baba yangu kama mbuzi aliyelelewa nyumbani. Mama alitoka jikoni, akatazama, akasema taratibu, "Yesu na Maria."

Ila uani kwetu ni tambarare. Baba alilijua hilo kuliko mimi.

Siku mbili tatu hivi baadaye nilimkuta amesimama kando ya barabara, anamtazama mwendesha baiskeli aliyekuwa akipandisha mkaa kutoka vijijini. Umewaona. Gunia nyuma, gunia juu ya gunia, na mtu anasukuma ameinama. Yule alifika katikati ya kilima, akachomoa mti wenye panda uliofungwa kwenye fremu, akaiegesha baiskeli juu ya panda ile, akasimama wima. Alipumua. Alifuta uso. Akasalimiana na watu. Halafu akaendelea.

"Umeona?" baba akaniuliza.

"Nini, baba?"

"Hana nguvu kuliko wenzake. Ana mahali pa kupumzikia. Anatembea napo."

Nililala na maneno hayo. Tatizo letu lote lilikuwa hapo. Boti ukiibeba mikononi huwezi kuiweka chini kwenye kokoto, itatoboka, kwa hiyo unaibeba mpaka mwisho au mpaka uanguke. Ikiwa juu ya magurudumu nyuma na panda mbele, inasimama popote unapotaka. Baba alikata mti wake mwenyewe, akaulainisha, akaupima ufike chini kidogo ya kiuno.

Jumamosi, bajaji ikiwa tayari mlangoni na magurudumu yamefungwa juu, niliingia ndani kuchukua chupa ya chai. Niliporudi nilimkuta jirani yetu, fundi baiskeli, anazungushia pampu yake mpira.

"Nimekusaidia, mwalimu. Matairi yalikuwa yamelala kabisa! Ungetia aibu mtaa."

Niliyagonga. Yalilia kama ngoma. Nilimshukuru kwa moyo wote, maana alitenda wema, na nilichukua kijiti cha kufungulia upepo.

Kule bwawani mtani alikuwa ametangulia, amevaa koti lake la baridi na viatu vyake vyeusi vya kanisani.

"Shikamoo baba," nikamwamkia mtani.

"Marahaba, binti. Nimevaa vizuri kwa ajili ya urithi wangu. Hicho ndicho kigari chenyewe? Mngoni kweli umezeeka, sasa unacheza na vigari."

"Simama mbali," baba akasema. "Usiiguse boti yangu hata kwa kidole."

"Nani aguse? Mimi nasubiri ushindwe."

Nilifungua upepo wa matairi mpaka nikibonyeza kwa dole gumba yanakubali. Boti ilishuka kokoto kwa utulivu, ikavuka tope lote na kuacha nyuma alama mbili pana, si za kina, kama mtu amepitisha mikeka miwili. Baba akachomoa pini, akakunja miguu, akaisukuma. Ikaelea. Hewa ileile tuliyoipiga kwa mguu pale juu, iliyokuwa imekaa juu ya matairi, sasa ilikuwa imewabeba wazee wawili na mzigo wao wote wa matusi katikati ya maji, na mimi nimebaki ufukweni nimeshika chupa ya chai, nimesahau kuimimina. Kwa miaka mingi nimewaeleza watoto kwa nini kitu huelea. Kulieleza jambo hakukupunguzii lolote ukiliona mbele yako.

Walirudi na perege wa kutosha mboga ya nyumba mbili. Baba alishusha miguu, akarudisha pini, akaweka kamba begani, akaanza kupanda. Mtani alimfuata nyuma, mikono mgongoni, kama mkaguzi.

Tope lilipita. Kokoto zikaanza. Baba alikwenda kidogo, nikasikia pumzi yake ikianza kukwaruza, akasimama, akaweka panda chini ya pua ya boti. Ikakaa. Aliachia kamba, akaweka mikono kiunoni, akapumua. Nilitaka kupiga makofi nikajizuia. Akapanda tena, akasimama tena. Pale mteremko unapokaza akaweka panda mara nyingine na kuachia kamba, na hapo nikaona kitu ambacho mimi mwalimu na yeye seremala hatukukifikiria.

Panda ilizuia boti isianguke. Haikuizuia isirudi. Magurudumu yalianza kuzunguka kinyumenyume, polepole, kuelekea bwawani. Baba aliidaka kamba, akajikaza, na nilimwona usoni akianza kuwa na rangi ile ya siku ya tope.

"Baba, achia!" nikapiga kelele.

Hakuachia. Lakini boti ilisimama.

Mtani alikuwa ameinama nyuma ya tairi, kiuno chake kibovu na vyote. Aliponyanyuka alikuwa na mguu mmoja wenye soksi. Kiatu chake cha kanisani kilikuwa kimebanwa chini ya gurudumu.

"Sijaigusa," akasema akitweta. "Binti ni shahidi. Nimevua kiatu tu, miguu inaniuma."

Baba alibaki ameshika kamba, kifua kikipanda na kushuka. "Unaniharibia kiatu," mtani akaendelea, "na umesimama tu hapo. Pumua upesi twende."

Kabla ya kuwa dereva, mtani alikuwa utingo, kijana wa kuruka kutoka kwenye lori kilimani na kuweka gogo nyuma ya tairi. Sasa, mzee wa mvi, alirudi kwenye kazi yake ya kwanza. Baba akivuta, yeye anachechemea nyuma na kiatu mkononi. Baba akisimama, yeye anainama, anajiamrisha mwenyewe, "Haya, weka!" na kiatu kinaingia. Tairi laini lilikikumbatia kiatu lisitetereke. Katika mapumziko mojawapo baba aligeuka akalitazama bwawa, jua limelala juu yake lote, mashamba upande wa pili yamekauka rangi ya dhahabu. Miaka yote alikuwa akipanda mteremko ule akitazama vidole vyake vya miguu.

"Kumbe ni zuri hivi," alisema.

Walifika juu. Dereva wa bajaji, aliyekuwa akitazama muda wote, alivua kofia.

Baba alikaa kwenye jiwe mpaka pumzi ikamrudia. Haikuchukua muda kama mara ile, na ilirudi yenyewe, bila mtu kumshika. Halafu akasema, "Nilisema mwenyewe. Sikupandisha mwenyewe. Kiatu si changu. Boti ni yako, mtani, ichukue."

Alimaanisha kila neno. Namjua.

Mtani alivaa kiatu chake, kikiwa na alama za tairi kuanzia kisigino mpaka kidoleni. Alizunguka boti, akaibonyeza, akaigonga kwa ukucha kama mnunuzi.

"Nimeichukua," alisema. "Kuanzia leo ni ya Mhehe, na dunia ijue. Ila kwangu hakuna nafasi, na panya wa Kingoni wataitafuna. Utanitunzia kwako. Kila Jumamosi uniletee hapa, uishushe, uipandishe, mimi nikukague. Ukichelewa nitakusema kanisani."

Baba akaanza kucheka, akacheka mpaka ikabidi ashike jiwe, na mimi nikasogea nikimwogopea kifua. Alininyooshea mkono nikae. Alicheka mpaka mwisho, akavuta pumzi ndefu moja, ikaingia yote.

"Leta samaki wangu," mtani akamwambia dereva wa bajaji. "Na huyo mtumishi wangu mkalisheni mbele, amechoka."

Baba amechonga magogo mawili ya mninga, ameyafunga kamba yaburutwe nyuma ya matairi na kujibana yenyewe boti ikirudi nyuma. Ni kazi nzuri sana. Yananing'inia ukutani uani kwetu, hayajawahi kulowa. Mtani anasema boti ni yake, na kwenye boti yake inatumika kiatu.